Uzoefu wangu: Misri ya kifahari na mama yangu, kutoka Giza hadi Abu Simbel

Safari ya Misri niliyokwenda na mama yangu Januari iliyopita ilipangwa na wakala wa safari wa Dar es Salaam akishirikiana na kampuni mwenyeji ya Kairo, na kwa jumla nimeridhika nayo kiasi cha kuweza kumshauri mtu mwingine aifanye, mradi awe tayari kuuliza maswali mengi kabla ya kutoa malipo ya awali. Pesa nyingi katika safari ya aina hii humezwa na majina ya hoteli, ilhali raha yake hutegemea mambo mawili ambayo makadirio ya kwanza ya bei hayakuyataja kabisa: chumba kiko upande gani wa jengo, na msafiri atafika kwenye kila hekalu saa ngapi.

Nianze na vyumba. Hoteli tatu tulizochagua, Mena House ya Giza, Winter Palace ya Luxor na Old Cataract ya Aswan, zote ni za zamani na kila moja ina majengo zaidi ya moja yanayouzwa kwa jina lilelile. Wakala alituletea karatasi iliyoandikwa jina la hoteli, idadi ya nyota na maneno “chumba cha daraja la juu”, basi. Niliirudisha nikaomba iandikwe kwa kila hoteli jengo, ghorofa na kile kinachoonekana dirishani, na majibu yalipokuja ndipo tulipoelewa kwamba kati ya chumba kimoja na kingine, ndani ya ua uleule, bei inaweza kupishana sana bila kitanda wala kifungua kinywa kubadilika. Tuliamua kulipia mandhari Giza na Aswan, na kubana matumizi Luxor. Uamuzi huo ningeurudia.

Mena House ilianza mwaka 1869 kama nyumba ya mapumziko ya mawindo ya Khedivu Ismail, mtawala wa Misri wa wakati huo, na ndimo Roosevelt, Churchill na Chiang Kai-shek walimokutana Novemba 1943 kuzungumzia vita dhidi ya Japani. Historia hiyo ni nzuri kuisoma, lakini mtu hafiki pale kwa ajili ya Churchill. Anafika ili afungue pazia asubuhi na kuiona Piramidi Kuu imesimama mbele yake kana kwamba iko ndani ya bustani ya hoteli. Chumba chetu kilikuwa na roshani inayoitazama, na mama, ambaye magoti yake hayampi ruhusa ya kupanda mapito membamba na ya kuinama yaliyomo ndani ya piramidi yenyewe, alikaa pale na chai yake kwa saa nzima bila kuona kwamba amekosa kitu. Kwa mzee au kwa yeyote asiyeweza kutembea sana, nyongeza ya bei ya chumba cha namna hiyo ni sehemu ya matembezi.

Faida nyingine ya kulala Giza badala ya katikati ya Kairo ni ukaribu wa Jumba Kuu la Makumbusho la Misri, lililozinduliwa rasmi tarehe 1 Novemba 2025. Wapangaji wengi bado huwalaza wageni kando ya Nili mjini, kisha huwasafirisha kwenye foleni za magari kwenda na kurudi. Sisi tulifika langoni mapema, tukalakiwa na sanamu ya Ramses wa Pili yenye urefu wa mita 11 hivi ukumbini, tukapanda taratibu kati ya sanamu zilizopangwa kwenye ngazi pana, ambako pia kuna njia za umeme kwa wasioweza kupanda. Vitu zaidi ya 5,000 vya kaburi la firauni Tutankhamun vimekusanywa pamoja humo, na hapo ndipo ratiba yetu ilipokosea hesabu: tulitengewa asubuhi moja tu, ikiwa ni pamoja na mashua ya Khufu, firauni wa Piramidi Kuu, na tukatoka tukiwa tumeacha kumbi nzima. Nilimwandikia wakala kuhusu hilo, naye alikiri kwamba ratiba zake ziliandikwa kabla jumba hilo halijafunguliwa lote. Yeyote anayepanga sasa aombe siku kamili.

Luxor ni mji wa kuamka alfajiri, na ndiyo sababu hatukuona haja ya kulipia dirisha la mtoni. Winter Palace ilifunguliwa mwaka 1907, na kwenye ubao wake wa matangazo mwanaakiolojia Howard Carter alikuwa akibandika habari za kaburi la Tutankhamun aliloligundua tarehe 4 Novemba 1922. Kuna jengo kuu lenye ngazi za mbele zinazopinda kulia na kushoto, na kuna jengo la nyuma liitwalo Pavillon ambalo bei yake ni ya chini zaidi. Tulichukua jengo kuu upande wa bustani, na tulipata usingizi mtulivu chini ya miti mirefu, mbali na barabara ya kando ya mto na farasi wake wa kukokota watalii. Wakala alitukumbusha kufunga koti sandukuni kwa ajili ya chakula cha jioni katika mgahawa rasmi wa hoteli, jambo dogo ambalo mpangaji asiyejua kazi hulisahau na mgeni hulijua akiwa mlangoni.

Bonde la Wafalme, yaani makaburi ya mafirauni ya Luxor, linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa hapo ndipo tofauti kati ya matembezi ya kawaida na matembezi yaliyopangwa vizuri huonekana wazi. Tiketi ya kawaida humruhusu mtu kuingia makaburi matatu kati ya yaliyo wazi siku hiyo, na makaburi yanayotajwa zaidi, yaani la Tutankhamun, la Seti wa Kwanza na la Ramses wa Tano na wa Sita, huwa na tiketi za peke yake. Makadirio mengi husema tu “viingilio vimo”, maneno ambayo maana yake ni ile tiketi ya kawaida. Sisi tuliomba tiketi za ziada ziorodheshwe moja moja. Kaburi la Tutankhamun ni dogo na mwili wake bado umelala humo, lakini kama mtu ana pesa ya kaburi moja tu la ziada, kwa maoni yangu ampe Seti. Kaburi lake, lililofunguliwa na Giovanni Belzoni mwaka 1817, linaingia ardhini kwa urefu wa zaidi ya mita 130, na michoro yake ya kuchongwa imepakwa rangi ambazo macho hayaamini kwamba ni za zaidi ya miaka 3,000. Ngazi zake, hata hivyo, ni nyingi, na mama hakuteremka. Mwongozaji wetu alikuwa amekwisha kulifikiria hilo: alimpeleka kwenye kaburi lile la Ramses wa Tano na wa Sita, ambalo njia yake inashuka moja kwa moja bila purukushani, na ambalo dari yake, iliyochorwa mungu wa anga akilimeza jua na kulizaa upya, inatosha kumshughulisha mtu hadi wenzake warudi.

Huyo mwongozaji ndiye aliyeifanya safari. Waongozaji hawaruhusiwi kutoa mihadhara ndani ya makaburi, kwa hiyo aliye hodari hueleza yote nje, kivulini, akionyesha picha, kisha humwacha mgeni aingie kimya akijua anatafuta nini ukutani. Wetu alikuwa na leseni ya wizara inayohusika na utalii na mambo ya kale, alitufikisha langoni mapema kabla mabasi ya kutoka pwani ya Bahari ya Shamu hayajafika, na alikuwa nasi kutoka Luxor hadi mwisho. Kairo tulipewa mwingine, na tofauti ilikuwa kubwa. Ijapokuwa mkataba wetu ulisema kwa maandishi kwamba hatutapelekwa madukani, bwana yule alitusimamisha kwenye duka la manukato kwa kisingizio cha choo, na tukakalishwa mbele ya chupa kwa muda ambao tungeutumia makumbusho. Kampuni ya Kairo iliomba radhi na kurejesha kiasi fulani cha pesa, lakini asubuhi hairejeshwi. Ushauri wangu ni kudai mwongozaji mmoja kwa safari nzima, hata kama gharama za malazi na usafiri wake zitaongezeka kwenye ankara.

Kati ya Luxor na Aswan wasafiri wengi hupanda meli kubwa za kitalii. Bei yake ni nzuri na huduma si mbaya, ila meli hizo hufunga gati kwa kupangana ubavu kwa ubavu, hivyo mtu aliyelipia dirisha la Nili anaweza kulifungua akakutana na dirisha la jirani, na akitaka kushuka nchi kavu apite katika kumbi za meli nyingine. Tulichagua dahabia, jahazi la matanga mawili lenye vyumba vichache, linaloanzia Esna na kwenda polepole kusini. Mto unatiririka kwenda kaskazini na upepo mara nyingi unavuma kutoka kaskazini, kwa hiyo jahazi hupanda mto kwa tanga kama walivyofanya mafirauni. Upepo ukilala, mashua ndogo yenye injini hulivuta, na tuliambiwa hilo mapema ili tusije tukalalamika. Dahabia hutia nanga penye visiwa vidogo na hufika mahali ambapo meli kubwa hazisimami, kama Gebel el-Silsila, kwenye machimbo yaliyotoa mawe ya mahekalu ya Misri ya Juu. Mama alikuwa akiyaangalia yale maji akasema kwamba sehemu yake imetoka Mwanza, na kwa kuwa Ziwa Victoria ni chanzo kimojawapo cha mto huo, sikuwa na la kumpinga. Kwa raha na utulivu, hakuna sehemu ya safari iliyotupa thamani kubwa zaidi kwa pesa tuliyotoa.

Old Cataract ilifunguliwa mwaka 1899 juu ya miamba ya matale inayokitazama kisiwa cha Elephantine. Hapa pia kuna jengo la zamani lenye vyumba vya kihistoria na jengo refu la baadaye, na tofauti na nilivyotarajia, jengo la baadaye si la kudharauliwa, kwa sababu urefu wake unauweka mto wote chini ya macho. Sisi tulikaa katika lile la zamani kwa ajili ya baraza yake. Ukikaa hapo jioni, ng'ambo ya mto juu ya kilima unaliona kaburi la Aga Khan wa Tatu, aliyefariki mwaka 1957 na kuzikwa Aswan mwaka 1959, yule yule aliyepimwa kwa almasi Dar es Salaam mwaka 1946. Mama alikulia Upanga na alizisikia habari za siku ile kwa wazee wake. Mhudumu alipoona anavyolikazia macho, alimletea kiti karibu na ukingo bila kuombwa. Huduma ya hoteli hiyo yote ilikuwa ya namna hiyo, ya kutazama kabla ya kuulizwa.

Abu Simbel iko kilomita 280 hivi kusini mwa Aswan, na watu hufika kwa ndege fupi au kwa gari la saa tatu na nusu. Kwa safari ya kifahari mpangaji huweka ndege bila kufikiri. Tatizo ni kwamba abiria wa ndege hufika pamoja na kuondoka pamoja, na magari yanayotoka Aswan usiku wa manane nayo humiminika pale asubuhi. Wakala wetu alipendekeza gari binafsi linaloondoka baada ya kifungua kinywa, ili tufike wakati makundi yanarudi. Nilisita kwa sababu ya jua, lakini Januari hali ya hewa ilivumilika, na tulisimama mbele ya sanamu nne za Ramses, kila moja ya mita 20 hivi, tukiwa na watu wachache mno. Ni vigumu kuamini kwamba mahekalu yale yote yalikatwa vipande na kuinuliwa takriban mita 65 kati ya 1964 na 1968 ili yasizamishwe na maji ya Bwawa Kuu la Aswan. Mapendekezo ya Mei au Agosti kwa mpango huohuo ningeyakataa, kwani joto la huko hupita nyuzi 40.

Kuhusu malipo na karatasi, wakala alistahili sifa. Viza ziliombwa ubalozini Dar es Salaam kwa wakati, tulikumbushwa vyeti vya chanjo ya homa ya manjano, na tulionywa kwamba madirisha mengi ya tiketi hupokea kadi tu. Bakshishi ilihitaji maelezo zaidi ya tuliyopewa: mabaharia, madereva, wapagazi na walinzi wa mahekalu wote huitarajia, na ni heri kuomba kiwango cha kila kundi kiandikwe kwenye ratiba na kuchukua noti ndogo za Misri tangu mwanzo. Bima tulijinunulia wenyewe, na nilihakikisha inahusu pia maputo ya hewa moto ya Luxor kabla ya kupanda, nikikumbuka ajali ya Februari 2013 iliyoua watu 19.

Wakala wa Dar es Salaam nampa nne kati ya tano, kampuni mwenyeji ya Kairo tatu. Anayetaka kwenda msimu ujao aanze kuuliza miezi mingi kabla, kwani vyumba vinavyotazama piramidi na dahabia ndogo hujaa mwanzo, na bei za wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya hupanda. Aepuke pia Abu Simbel tarehe 22 Februari na 22 Oktoba, siku ambazo jua huingia hadi chumba cha ndani cha hekalu, isipokuwa kama jua hilo ndilo analolifuata na msongamano haumsumbui.