Kasha la kompyuta kwa sisi wa Pwani: tazama kutu kwanza

Nakaa Likoni, Mombasa, dirisha langu latazama mlango wa bahari, meli naziona zikiingia bandari ya Kilindini. Mwaka jana niliihamishia kompyuta yangu ya zamani kwenye kasha jipya la kioo, lina feni tatu za kumeremeta. Upepo wa kusi ulipotulia nikalifungua nitie diski ya SSD. Upande wa nyuma, penye nafasi za kuchomekea kadi za nyongeza, kutu tupu! Skrubu moja ikakatika kichwa mkononi. Na muuzaji aliniapia: "Dadangu, hili halishiki kutu."

Basi siku hizi habari za feni ngapi sina haja nazo. Natia kidole ndani, nipapase kingo za bati kama zina rangi. Bati la makasha mengi hupakwa zinki kabla ya kukatwa, kwa hiyo ukingoni chuma hubaki wazi. Pasipopigwa rangi baadaye, chumvi huanzia hapo. Kisha tazama vile vifuniko vya nafasi za kadi. Vya kuvunja kwa bisibisi huacha kidonda kibichi. Taka vya kufungua kwa skrubu. Kwa vipimo hivyo, haya ndiyo chaguo langu:

1. Fractal Design. Hawa Waswidi watengenezaji wa makasha nawapenda, sifichi. Kasha lao la Meshify C, lililotoka 2017, hata la mitumba chukua: rangi mpaka ndani, vifuniko vya skrubu, na mbele wavu wenye chujio. Bei yake inauma.

2. Kasha lako lilelile. Msinicheke. Wengi wetu tuna kompyuta za Dell OptiPlex zilizotoka maofisini, na modeli ya 9020, kwa mfano, mazabodi yake (ile bodi kuu ya ndani) hupokea umeme kwa plagi ya pini 8, si zile 24 za kawaida. Ukihamia kasha jipya na kununua pawa saplai mpya (kile kifaa cha kuigawia kompyuta umeme) utasaka adapta, na nyaya za kitufe cha kuwashia nazo zitakusumbua. Tia SSD, ongeza ramu, toa vyombo vyote, piga msasa penye kutu, paka rangi, acha ikauke vizuri.

3. Cooler Master Q300L. Dogo, la mazabodi zisizozidi sentimita 24.4 kwa 24.4. Vichujio vyake hushikwa na sumaku, wavibandua na kuvifuta. Vifute kweli, maana vumbi lenye chumvi hunyonya unyevu.

Ya bei rahisi yasiyo na jina? Taa nzuri.

Sasa bei. Unaona picha mtandaoni, unauliza, unajibiwa "njoo inboksi". Ukienda inboksi unaulizwa una bajeti gani! Na ukiagiza, duka liko Nairobi. Fractal nililoagiza baadaye yumkini lilipita hapa dirishani ndani ya kontena, likapanda treni mpaka Embakasi, Nairobi, kisha likanirudia kwa basi la usiku, na nauli ya kurudi nikalipa mie.