Kadi za Pokémon 151: nimenunua za Kijapani, kisha nikanunua tena za Kiingereza

Mpwa wangu anaishi Leicester, ana miaka 11. Mimi niko Yokohama, kazi yangu ni kusafirisha magari yaliyotumika kwenda Mombasa. Toleo la 151, la wale viumbe 151 wa kwanza wa Pokémon, lilipotoka hapa Japani, tarehe 16 Juni 2023, nilijiona mjomba wa kupigiwa mfano. Uingereza wangesubiri hadi 22 Septemba, na mpwa wangu angekuwa nalo miezi mitatu kabla ya wenzake.

Kulipata kwenyewe kulikuwa shughuli. Pakiti moja iliandikwa yeni 290, pakiti 20 kwenye boksi, kwa hiyo boksi ni yeni 5,800. Bei hiyo wengi wetu tuliiona kwa macho tu. Maduka yaliuza kwa bahati nasibu: unajiandikisha, unakaa kusubiri. Mara mbili nilikosa. Mara ya tatu jina likatoka, na muuzaji akalichana nailoni la boksi mbele yangu kabla ya kunikabidhi, ili nisiende kulilangua. Sikununa. Walanguzi ndio waliowafikisha hapo.

Nilizifungua pakiti mbili mwenyewe, mjomba naye ana macho. Kadi saba kila pakiti, hakuna kingine ndani. Ngumu kidogo mkononi, zimekatwa sawasawa, ukingo wa kushoto upana ule ule wa kulia. Kuna kadi zenye mng'ao uliochorwa Poké Ball, vile vimpira vya kunasia Pokémon, na chache zenye vimpira vya aina nyingine, Master Ball. Hizo za vimpira ndizo zilizonifanya nizigeuzegeuze kwenye taa kama mtu anayekagua noti. Toleo la Kiingereza la 151 halina mng'ao huo kabisa, kwa hiyo ukiutaka, za Kiingereza hazitakusaidia.

Lugha haikumsumbua mtoto kama nilivyodhani. Hapa Charizard anaitwa Lizardon na Bulbasaur ni Fushigidane, lakini kadi za 151 zimepangwa kwa namba za Pokémon wenyewe, na namba ni zile zile pande zote mbili. Namba 006 ni 006. Alichukua kijidaftari, akaandika namba na anachofanya kila mmoja, na ndani ya wiki mbili alikuwa anacheza bila kuuliza.

Kisha akazipeleka kwenye mashindano rasmi ya mtaani kwao.

"Mjomba, wamesema hazihesabiki."

Kosa ni langu. Kwenye mashindano rasmi kule, kadi za Kijapani hazikubaliwi, za Kiingereza ndizo zinazotakiwa, ili mpinzani na mwamuzi waweze kusoma kilichoandikwa. Hata mgongo wa kadi ni tofauti: wa Kijapani una mchoro wake, wa Kiingereza una wake, kwa hiyo ukizichanganya bila kuzivika vifuko vya kuficha migongo, aliyekaa mbele yako anajua unachovuta. Ningeuliza kabla ya kulipa posta, ningejua. Sikuuliza.

Septemba nikalipa tena, safari hii nikimwagizia kule kule. Hili nalo lilinishangaza: toleo la Kiingereza la 151 halikuuzwa kwa boksi kubwa kama matoleo yao ya kawaida, yenye pakiti 36. Liliuzwa kwa vitu kama vifurushi, kimoja cha pakiti sita, na kisanduku cha pakiti tisa chenye vifaa vya kuchezea. Nilichukua vifurushi viwili. Kila pakiti ina kadi 10, juu yake kadi ya nishati, ile inayowapa Pokémon nguvu ya kushambulia, na karatasi yenye namba za siri za kufungulia pakiti kwenye mchezo wa intaneti. Ile karatasi mtoto aliipenda kuliko kadi nyingine. Hesabu ya kadi basi haiko mbali: 140 kwa boksi la Kijapani, 120 za Kiingereza bila kuhesabu nishati.

Lakini ubora! Kwenye kamera aliniwekea kadi mbili mezani, Lizardon wangu na Charizard wake. Wa Kijapani amelala tuli. Wa Kiingereza alikuwa amejikunja kingo kama papadi inayotoka kwenye mafuta, na ukingo mmoja mnene kuliko mwenzake. Labda ni unyevu wa Leicester, labda ni bahati ya pakiti zetu. Mimi naamini ni uchapishaji.

Kwa hiyo, mwenye mtoto anayetaka kushindana aliko, nunua lugha wanayochezea huko na uvumilie papadi. Anayetaka kutunza kwenye albamu, au kuangalia tu, achukue za Kijapani bila kusita, ila asinunue kwa bei ya walanguzi. Nimeona boksi lile lile likiuzwa mara kadhaa ya bei yake na nikapita nikacheka. Kuna pia za Kichina, Kikorea, Kithai na Kiindonesia. Hizo sijazishika. Za Kiswahili hazipo, na mpwa ameshaniuliza kwa nini.

Nyumbani kwao sasa anazichanganya zote, amezivika vifuko vyeusi ili migongo isionekane, anacheza na dada yake. Jumapili tulikuwa kwenye simu ya video pamoja na mama yangu aliye Mombasa, akawatazama kwa muda mrefu wakitupiana kadi, mwisho akauliza:

"Na hizi karata zenu, shupaza ni ipi?"