Nilimfuata mpwa wangu na gitaa lake, nikarudi na karatasi ya elfu themanini

"Nafasi ya nini, mzee? Ya kazi?"

Dereva wa bajaji aliniuliza hivyo pale Mwenge, nami sikujua kama ananitania. Nilikuwa nimemwambia anipeleke Nafasi, Mikocheni, kule kwenye viwanda, Barabara ya Eyasi. Akakuna kichwa, kisha uso ukafunguka: "Aaa, kwa wachoraji wa makontena! Si ungesema." Kwa hiyo na nyie nawaambia mapema. Jina rasmi ni Nafasi Art Space, kituo cha wasanii hapa Dar, lakini ukifika Mwenge taja makontena.

Nianze kwa kukiri kwamba mimi si mtu wa majumba ya sanaa. Rangi ndiyo iliyonilisha, ila rangi ya mabango. Miaka 28 nimeandika saluni, mabucha, gereji, vioo vya maduka ya dawa na ile "Mkopo leo hakuna, njoo kesho" ambayo nadhani nimeiandika mara elfu. Siku hizi mashine za kuprinti zimetuvua kazi, nimebaki na kuta za shule za chekechea na milango ya malori ya mchanga. Lakini jicho la herufi halistaafu.

Zamani kidogo niliwahi kuingia kwenye ukumbi mmoja wa maonyesho hapa mjini, sitautaja. Mlinzi alinitazama viatu kwanza ndipo akanitazama uso. Ndani kulikuwa kimya kama chumba cha mtihani, maelezo ya picha yote Kiingereza, bei zote dola. Nilisimama mbele ya picha ya tatu nikijifanya naelewa, nikatoka. Tangu siku hiyo nikajiwekea kwamba hayo ni mambo ya wenyewe.

Sasa huyu mpwa wangu anapiga gitaa la besi. Akanipigia simu Alhamisi: "Mjomba, Jumamosi tunapiga laivu pale Nafasi. Siyo plebeki, laivu. Njoo, hata kiingilio hakuna." Mtoto wa dada akikuita hivyo huna pa kujificha. Nikavaa shati la Idi nikaenda, nikiwa na nia moja tu: nisikie besi, nimpongeze, nirudi kabla foleni ya Barabara ya Bagamoyo haijafunga.

Nilifika mapema mno, bado wanajaribu mitambo. "Moja mbili, moja mbili" inachukua muda wake, mnajua wenyewe. Ikabidi nizunguke. Na hapo ndipo mipango yangu ilipoharibika.

Sehemu yenyewe ni uwanja ulio katikati ya viwanda na maghala, na hayo makontena ni ya meli kweli, yale yale ya bandarini, yametobolewa madirisha na milango na kupakwa rangi za kila namna. Kila msanii na chumba chake. Hapa pameanza mwaka 2008, na ukipita taratibu utakuta mchoraji, mchongaji, mtu wa chuma chakavu, mtu wa vitambaa, mtu wa video. Kuna pia darasa lao, Nafasi Academy, lililoanza 2020, vijana wanasomea humo humo. Jina nalo nimelifikiria sana njiani nikirudi. Kwa Kiswahili chetu nafasi ni mahali na nafasi ni fursa, na kontena ukiingia ndani ni upana wa mita mbili na kitu tu. Humo ndimo mtu anapangia maisha yake.

Joto je? Chuma ni chuma, na Dar ni Dar. Kijana mmoja aliniambia saa nane mchana huweka brashi chini akakaa kivulini, kazi yake ni ya usiku. Nikamwelewa haraka, maana na mimi niliwahi kuandika bango la bati juu ya paa la gereji mwezi wa pili, rangi inaganda kabla hujamaliza mkia wa herufi.

Kontena lililonikamata lilikuwa la binti mmoja, kijana wa miaka ishirini na kidogo. Alikuwa ameinamia kipande cha plaiwudi, anakichonga kwa patasi ndogo kama ya kuchezea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Unachonga nini?"

"Nachonga picha, baba. Nikimaliza naipaka wino kwa rola, naweka karatasi juu, nasugua na mgongo wa kijiko."

Kijiko. Kijiko hiki hiki cha wali. Hana mashine. Alinionyesha: kilichochongwa kinabaki cheupe, kisichochongwa kinashika wino. Kwa hiyo anafikiria kinyume, anaondoa giza wala haliongezi. Ukutani alikuwa amebandika zile zilizokauka. Moja ilikuwa daladala jioni, kina mama wameshuka na ndoo za samaki, na kibao cha mbele kimeandikwa MBAGALA.

Hapo fundi aliyelala ndani yangu akaamka. Nikamwambia, mwanangu, hii ulipochonga si ilibidi uandike kinyume? Akashtuka kidogo. "Baba umejuaje?" Nimejuaje! Nimeandika vioo vya saluni kwa ndani mwaka hadi mwaka ili mvua isiifikie rangi, na ukiandika kwa ndani unaandika kinyumenyume ili wa nje asome sawa. M na A hazina shida, ukizigeuza ni zile zile. Shughuli ni B, G na L. Na G yake, nilimwambia bila kumficha, ilikuwa imelewa kidogo. Alicheka mpaka akaweka patasi chini. Akanipa kipande cha plaiwudi na penseli nimchoree G ya kinyume, nikamchorea, na huo ukawa nusu saa mzima mimi na yeye tunabishana habari za nafasi kati ya herufi. Sijaongea habari za herufi na mtu tangu mwenzangu wa kazi alipohamia Tanga.

Chini ya ile picha palikuwa pameandikwa kwa penseli: 4/15. Mimi nikadhani ni maksi. Nikasema moyoni, walimu wa huku wakali, kazi nzuri hivi mtoto kapewa nne kati ya kumi na tano. Kumbe maana yake ubao ule utatoa nakala kumi na tano tu, na hii ni ya nne. Zikitimia kumi na tano anauchanachana ubao kwa msumari, isitoke nyingine. Sisi tulikuwa tunafurahi bango likinakiliwa na kila mtu!

Bei ilikuwa elfu themanini. Nilimeza mate. Lakini nikapiga hesabu ya kifundi: siku ngapi za kuchonga, karatasi nzito ile si ya duka la daftari, na kijiko kinasuguliwa kwa mkono hadi bega liume. Nikasema nitafikiria, ngoja nimsikilize mpwa wangu.

Muziki ulianza giza linaingia. Zeze mbili, marimba, ngoma, gitaa, na mpwa wangu nyuma kabisa na besi yake, kanuna kama watu wa besi wanavyonuna. Nilitarajia kelele. Nikasikia zeze inaanza peke yake, ile ya Kigogo, nyuzi zinalia kama mtu anayeita ng'ombe kutoka mbali, na watu wakanyamaza bila kuambiwa. Wengi wetu mijini tunaijua zeze kwa redio na kwa jina la marehemu Hukwe Zawose, aliyeifikisha kwenye majukwaa ya dunia kabla hajafariki 2003. Kuisikia hatua tano kutoka ulipo, upinde unasikika ukikwaruza, ni jambo jingine kabisa. Kisha besi ikaingia chini yake taratibu, na hapo nikajua kwa nini kijana alikataa kwenda kusomea uhasibu. Dada yangu asome hapa: nimemsamehe, na wewe msamehe.

Ushauri wa mtu mzima: usisimame jirani na spika. Kaa nyuma kidogo, upande ulio wazi, utasikia kila ala na bado utaweza kuongea na jirani yako.

Baadaye wakapanda vijana wa singeli. Singeli ya uswahilini kwetu tumeizoea inatoka kwenye kompyuta ya dijei, mapigo mia mbili na zaidi kwa dakika. Hawa walikuja na mpiga dramu wa kweli. Binadamu, mikono miwili! Wimbo wa kwanza alikwenda nao, wa pili akavua shati, wa tatu nilianza kumwombea. Alimaliza. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa na wajukuu alipanda jukwaani kumfuta jasho kwa kanga, na huo ndio ulikuwa wakati wa kelele kubwa kuliko zote usiku ule.

Nilichokiona, na ndicho hasa kilichonifanya niandike, ni kilichotokea kati ya wimbo na wimbo. Watu waliokuja kwa ajili ya ngoma, na soda zao mkononi, walikuwa wanatawanyika kwenye makontena kupoteza muda. Madereva wa boda waliokuwa wameegesha nje, wasichana wa chuo, yule mama na wajukuu, wazungu wawili watatu, na mimi. Hakuna aliyeingia kwa kunyata. Muziki ulikuwa umeshatutoa woga. Bodaboda mmoja alisimama mbele ya sanamu ya chuma chakavu akasema kwa sauti, "Hii si ni gia boksi ya TVS?" Ilikuwa ni yenyewe. Akaanza kumweleza mchongaji ni ya mwaka gani.

Wazee wenzangu watakumbuka Nyumba ya Sanaa, iliyoanza 1972, enzi zile mafundi wanafanya kazi mbele ya macho yako. Jengo lile halipo tena. George Lilanga, ambaye picha zake leo ziko kwenye makumbusho za nje, aliingia pale kama mlinzi. Na Edward Saidi Tingatinga alikuwa akichora picha kwa rangi ya baiskeli kwenye hardibodi na kuziuza Oysterbay, pale Morogoro Stores, hadi alipofariki 1972. Rangi ile ile sisi tulikuwa tunaandikia mabango. Nilipokuwa kijana hakuna aliyeniambia kwamba bati langu la bucha na hardibodi yake vilitoka kopo moja.

Basi nikarudi kontenani. Binti alikuwa anafunga mlango. Nikalipa kwa simu, akaniviringishia picha ndani ya bomba la karatasi gumu, akanishukuru kwa ile G.

Nitoe nyota ngapi? Nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya mbu, nao najua si wa Nafasi, ni wa Mikocheni nzima. Vaa suruali ndefu. Uliza kwanza siku ya muziki ni lini, maana mahali penye makontena kumi yamefungwa utapatembelea kwa dakika tano, na penye ngoma utakaa hadi usiku. Ukipenda kazi ya mtu, ongea naye hata kama hununui. Hakuna aliyenikunjia uso nilipouliza bei na kunyamaza.

Kilichofuata ni aibu yangu na ya fundi fremu wa huku kwetu, Nafasi haihusiki. Nilimpelekea picha nikasema aiweke kioo, basi, nikaondoka. Nilipoifuata Jumatano nikakuta ameibandika kwenye hardibodi kwa gundi ya mbao, na ili ikae sawa kwenye fremu aliyokuwa nayo, amekata pambizo lote la chini. Pambizo lenye sahihi ya binti. Lenye 4/15. Akanikabidhi kile kipande kwa heshima zote: "Mzee, nilikata sehemu iliyochafuka penseli." Mkinunua kazi ya karatasi, mwambieni fundi mapema: hakuna gundi, na pambizo halikatwi. Hata mimi nimelijifunza hilo kwa elfu themanini.

Imetundikwa sebuleni. Mke wangu aliitazama kwa muda mrefu, kichwa upande. "Elfu themanini," akasema, "na haina hata tembo." Lakini jana nilimkuta anamwonyesha jirani wale kina mama wa samaki, anasema yule wa kushoto ni mama yake mdogo mwenyewe.

Kile kipande chenye sahihi nakihifadhi nyuma ya simu, ndani ya kava. Mpwa wangu amesema watapiga tena hivi karibuni. Nitaenda. Ila lile kontena nitalipita haraka haraka mpaka nipate namna ya kumweleza yule binti.