Bodi za amplifaya kwa spika za kujitengenezea: ipi ununue

Usianze na wati zilizochapwa kwenye pakiti. Anza na umeme ulio nao. Bodi zote tatu hapa huendesha spika kwa waya mbili zilizo hai, kwa hiyo hesabu ni moja: zidisha volti kwa volti, kisha gawanya kwa omu za spika zilizozidishwa kwa mbili. Betri ya volti 12 na spika ya omu 4 ni 144 ÷ 8, yaani wati 18, na kiuhalisia hupungua kidogo kabla sauti haijaanza kupasuka. Anayekuahidi wati 100 kwa betri hiyo anakuuzia stika.

1. TPA3116D2
Hii ndiyo ya kununua, labda uwe na sababu maalumu. Chipu hupokea volti 4.5 hadi 26, hivyo betri ya sola na chaja ya laptopu ya volti 19 zote zinafaa. Kwa volti 19 unakaribia wati 45 kila upande kwenye omu 4, na nusu yake kwenye omu 8. Chaja ya ampea 3.42 inatosha, maana muziki haukai kileleni muda wote. Dukani kagua mambo mawili: alumini ya kupoza joto iwe imelala sawasawa juu ya chipu, na kapasita kubwa ziwe za volti 35. Za volti 25 ukizilisha 24, hazina maisha.

2. TDA7297
Teknolojia ya zamani: inachemka na inakula betri. Lakini haichafui mawimbi, hivyo ukiweka redio ndani ya boksi lilelile, chagua hii. Mwisho wake volti 18. Chaja ya laptopu ya volti 19 inavuka hapo.

3. PAM8403
Ya volti 5 tu, wati 3 kwenye omu 4, na hapo sauti imeshaharibika. Inafaa spika za inchi 2 au 3. Sabufa sahau.

Kosa linaloua bodi zaidi: kuunganisha hasi za spika mbili pamoja, au kuzifunga kwenye chesisi. Kila spika ipewe waya zake mbili.

Na ukisikia mluzi baada ya kuongeza moduli ya Bluetooth kwenye umeme uleule, usiilaumu bodi. Moduli na amplifaya zinagombea waya mmoja wa hasi. Lisha moduli kupitia B0505S, kibadilishi kidogo kinachopokea volti 5 na kutoa volti 5 huku kikitenganisha hasi, na mluzi hukatika.