Kulüp: nimeitazama kwa ajili ya muziki, ikanishika kwa deni la kodi

Ukizoea tamthiliya za Kituruki za jumba la kifahari ufukweni, mama mkwe mkali na msichana maskini anayelia sehemu mia, unaweza kudhani Istanbul yote ni ya watu wa aina moja. Kulüp, tamthiliya ya Kituruki iliyoingia Netflix Novemba 2021, imenipeleka upande mwingine wa mji. Mhusika mkuu ni mwanamke wa Kiyahudi, na chanzo cha masaibu yake ni deni la kodi ya serikali.

Tupo miaka ya 1950. Matilda (Gökçe Bahadır) anatoka jela kwa msamaha baada ya miaka mingi, kwa kosa la kumuua mwanamume aliyempenda. Binti yake Raşel amelelewa kituo cha yatima na wala hamtaki. Raşel anapokamatwa kwa wizi katika klabu ya muziki, mama anakubali kufanya kazi humo ili binti asifunguliwe mashtaka. Yaani hajapumua hata kidogo, tayari analipia kosa la mwingine.

Deni lenyewe hasa, lililoleta masaibu ya Matilda, liko nyuma: Varlık Vergisi, kodi ya mali ya Novemba 1942. Serikali ya Şükrü Saracoğlu ilidai inawabana walanguzi wa wakati wa vita. Kumbe kwenye daftari za maofisa watu walitengwa kwa herufi: M Waislamu, G wasio Waislamu, E raia wa kigeni, D kizazi cha Wayahudi waliosilimu zamani. Myahudi, Mgiriki au Muarmenia aliweza kutozwa mara kadhaa ya jirani yake Mwislamu mwenye biashara kama yake. Siku 15 za kulipa, rufaa hakuna. Ukishindwa, duka na vyombo vya ndani vinapigwa mnada. Deni likibaki, unapelekwa kambi ya Aşkale, kwenye baridi kali ya mashariki, kufanya kazi ya suluba. Kodi ilifutwa Machi 1944, wakati familia nyingi zilikuwa zimeshafilisika.

Ndiyo maana naisifu Kulüp. Wengine wakitaka kuonyesha jamii ndogo wanaweka mhusika mmoja mwenye jina geni, anapita na trei ya vinywaji, basi. Hapa Wayahudi wanawasha mishumaa ya Sabato, wanagombana na kusameheana kwa Kiladino, Kihispania kile walichokuja nacho mababu waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Na ubaguzi hauishii kwenye matusi ya mtaani. Unafika kwenye ajira: klabu inashinikizwa iwaondoe wafanyakazi wasio Waislamu, huku mwenye klabu mwenyewe akificha asili yake. Siisemi zaidi, usije ukanilaumu.

Salih Bademci, anayecheza mwimbaji Selim Songür, ananibakiza kwenye kiti kila akipanda jukwaani. Hapo hapo ndipo nina lawama. Mapenzi ya Selim yanaachwa kwenye dokezo na machozi, mwenye kuelewa aelewe. Waarmenia nao hawana nafasi kubwa. Na habari ya kodi inakuja vipandevipande. Kama hujui historia ya Uturuki, utazitazama sehemu za mwanzo ukidhani Matilda ana hasira za bure. Soma kidogo kabla.

Kitu kingine: usiweke sauti ya Kiingereza. Acha sauti ya asili, weka maandishi chini, maana kwenye sauti iliyoingizwa huwezi kusikia mtu anapohama kutoka Kituruki kwenda Kiladino au Kigiriki, na nusu ya hadithi iko hapo.

Msimu wa kwanza una sehemu 10 na unafikia ghasia za Septemba 1955, maduka ya Wagiriki yakivunjwa Beyoğlu, mtaa wa Istanbul. Usiangalie na watoto wadogo. Msimu wa pili, wa 2023, niliumaliza kwa sababu ya mavazi na nyimbo tu. Kama muda wako ni mdogo, ishia wa kwanza. Nyota nne kati ya tano.