Köstritzer: rangi ya kutisha, bia nyepesi

Bia nyeusi inaonewa. Mtu akiiona rangi tu anasema hiyo nzito, italaza watu hapa. Wa namna hiyo mimi humpa Köstritzer Schwarzbier, laga nyeusi ya Kijerumani. Kileo chake ni asilimia 4.8, sawa na laga nyingi za njano, na ukiinua glasi kwenye mwanga utagundua si nyeusi kiasi hicho: pembeni inang'aa damu ya mzee.

Harufu ndiyo inayonikamata. Ganda la mkate lililoungua kidogo, kahawa, na kwa mbali chokoleti chungu. Baada ya harufu hiyo ulimi unajiandaa kwa utamu, lakini wapi! Kinachokuja ni kimea kilichokaangwa, halafu ukavu, halafu uchungu mdogo wa hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu. Haiachi kunata mdomoni, na hapo ndipo inapoachana na stauti, zile bia nyeusi za aina ya Guinness. Stauti huchachushwa kwa hamira inayopenda joto, na mara nyingi huacha harufu ya matunda. Köstritzer ni laga, na hamira ya laga hufanya kazi kwenye ubaridi, nyuzi 10 hivi, kisha bia hulazwa kwa majuma karibu na kuganda, mpaka itulie. Weusi wenyewe unatokana na kiasi kidogo tu cha kimea kilichochomwa sana. Kingezidi, tungekunywa majivu.

Kiwanda kiko Bad Köstritz, mashariki mwa Ujerumani, na kinahesabu umri wake tangu 1543. Umri huo haunihusu sana, mimi nakunywa ya leo.

Ila tafadhali, msiinywe ikiwa barafu! Baridi kali inaua ile kahawa yote, na unabaki na maji machungu yenye rangi. Itoe kwenye friji mapema kidogo, imimine kwenye glasi, usiinywe kwa chupa.

Anayetaka utamu wa kimea hasa asihangaike na hii. Atafute Ayinger Altbairisch Dunkel, kutoka Aying karibu na Munich: asilimia 5, rangi ya hudhurungi, imejaa mkate na karameli. Hiyo naifurahia sana, lakini glasi ya pili huwa inanishinda. Köstritzer haijawahi kunishinda.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ladha inakatika upesi. Nikishameza tu, imeshaondoka.