Unahamia Zanzibar? Nguo nunulia Kibuye, kwa huyu mama na fundi wake

Kama unaenda kuishi Zanzibar, si kutembea siku mbili tatu, pitia soko la Kibuye hapa Kisumu kabla hujamaliza pesa kwa maduka za tao. Mimi nahamia Paje, nimepata kazi ya jikoni hotelini, na karibu kila kitu kiko kwa begi langu kimetoka kwa kibanda kimoja cha mitumba, cha mama mmoja mtu mzima, na fundi ameweka cherehani hapo kando yake.

Huyu mama haulizi saizi kwanza, anauliza unaenda wapi. Nilikuwa nimeshika jeans nzito akanitoa mkononi, "nyathina (mwanangu), hiyo wachia ndugu yako, huko utatoa jasho mpaka usiku." Na ni ukweli, sisi tunalia joto lakini Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, usiku kunapoa kiasi, Paje ni pwani kabisa, hewa ina unyevu na chumvi, ukivaa polista inakugandia mwilini siku nzima. Akanichagulia mashati za kitani na pamba nyepesi, kamera tupu, yaani zile za daraja la kwanza, 250 moja, tukaongea akaniachia tatu kwa 600. Sketi alinipa zile zinapita magoti, maanake ukitoka ufuoni ukaingia kijijini ama Mji Mkongwe, watu wanataka mabega na magoti zifunikwe, na ukienda kuishi na watu unaheshimu mila zao.

Fundi naye, wah. Alikwaruza zipu ya begi langu na ukucha, akaona ni chuma, akasema hewa ya chumvi itaikula. Akaing'oa akaweka ya plastiki yenye meno manene, akapitisha kipande cha mshumaa juu yake mara kadhaa ndio iteleze. 200 tu. Vitambaa zilibaki akanishonea vifuko vya viatu na vya nguo chafu, na hiyo imenisaidia sana maanake Tanzania walipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 2019, hata msafiri anaambiwa aiache pale anapoingia.

Shida ziko. Hakuna mahali pa kujaribu nguo, unavaa juu ya zile umevaa, na kioo ni kidogo unaona kifua tu. Jumapili usiende, ndio siku kubwa ya soko, watu wamejaa mpaka huwezi kuinama kwa robota. Na fundi akisema kesho, wewe hesabu keshokutwa.

Kwa hivyo mpelekee kazi mapema, na ukingoja enda uchomwe chanjo ya homa ya manjano kama bado, juu Tanzania wanaitisha cheti ukitoka Kenya na kinaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, halafu ni cha maisha. Malipo ni keshi ama Mpesa, asubuhi katikati ya wiki ndio utampata mama ana nafasi ya kukuchagulia.